Tunataka kuona, hatutaki kuonekana

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu mada ya insha ambayo sikutarajia ingeniondolea usingizi. Niliwaambia hivi: chukulieni kwamba mmepewa kazi ya kubuni programu mpya ya kutumiana ujumbe wa papo hapo kwa simu. Ni mambo gani mngetaka yawemo ndani yake? Kabla ya kalamu kugusa karatasi, nilitwaa chaki nikawa naandika ubaoni kila pendekezo lililotolewa. Darasa ambalo kwa kawaida huniachia mimi kazi ya kuzungumza lilichangamka ghafla. Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, lakini likizo ikifika vijana hawa huishi ndani yake, na hapana mtaalamu anayeyajua mambo hayo kuwapita.

Wa kwanza alitaka kujua ni nani aliyeusoma ujumbe wake, na aliusoma saa ngapi. Wa pili alitaka kuuona ujumbe ambao mwenzake ameufuta kabla yeye hajausoma. Wa tatu alitaka kujulishwa kila mara rafiki yake anapoingia mtandaoni. Mmoja aliomba programu isiyomaliza bando. Mwingine aliomba simu isiyogeuza maneno yake ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza, na darasa zima likaangua kicheko kwa sababu hapana asiyeyajua mateso hayo. Kisha mapendekezo yakaanza kugeuka. Msichana mmoja alitaka aweze kuusoma ujumbe bila aliyeutuma kutambua. Mwingine alitaka aweze kufuta alichotuma pasi na kuacha alama yoyote. Wa tatu, yule yule aliyetaka kujulishwa marafiki wakiingia mtandaoni, aliinua tena mkono akasema kwamba yeye angependa kuwa mtandaoni bila mtu kumwona.

Nilisimama nikautazama ubao. Upande wa kushoto palikuwa na orodha ya mambo ambayo vijana wangu walitaka kuyajua kuhusu wengine. Upande wa kulia palikuwa na orodha ya mambo ambayo hawakutaka wengine wayajue kuwahusu. Orodha hizo zilikuwa ni moja, ila ya pili ilikuwa imegeuzwa ndani nje. Nilipokwenda katika chumba cha walimu wakati wa chai nikawauliza wenzangu swali hilo hilo, watu wazima wenye shahada na wajukuu, majibu hayakutofautiana hata kidogo.

Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Nadhani methali hiyo inaeleza vyema zaidi kuliko utafiti wowote jambo ambalo watumiaji wa programu hizi wanalitaka. Kila mmoja wetu ni watu wawili: mwenye kutuma na mwenye kupokea. Tunapotuma, tunataka jibu upesi, tunataka ushahidi, tunataka kuona. Tunapopokea, tunataka nafasi, tunataka kufikiri, tunataka kuachwa. Makampuni yanayotengeneza programu hizi hayawezi kuturidhisha sote wawili kwa wakati mmoja, na aghalabu yamemsikiliza zaidi yule anayetuma. Hoja yangu leo ni kwamba sisi walimu, wanafunzi na wazazi tunalipa gharama ya jambo hilo kuliko tunavyodhani, na kwamba yumo miongoni mwetu mtu wa tatu ambaye hatumkumbuki kabisa.

Hebu tutazame tulikotoka. Novemba 1996 vijana wachache wa Israeli, wenye kampuni iliyoitwa Mirabilis, walitoa programu ya tarakilishi iliyoitwa ICQ. Mvuto wake mkubwa haukuwa uandishi, maana baruapepe ilikuwepo tayari. Mvuto wake ulikuwa ni kumwonyesha mtu ni yupi kati ya rafiki zake aliye mbele ya tarakilishi wakati ule ule. Yaani tangu mwanzo, kilichouzwa kilikuwa ni kuona. Zikafuata AIM mwaka 1997, na MSN Messenger mwaka 1999. Programu hizo zilipambwa kwa vikaragosi, milio, rangi na michezo, na zote zimekwisha kufungwa. MSN ilianza kuondolewa mwaka 2013, AIM ikazimwa Desemba 2017, na ICQ yenyewe, mama yao wote, ikazimwa Juni 2024. Anayedhani kwamba mapambo ndiyo yanayomfanya mtumiaji abaki, na ayazuru makaburi hayo.

Kwetu Kenya wengi hatukuzijua programu hizo ila kwa kusikia, labda wale waliokuwa na shilingi za kulipia dakika katika vyumba vya intaneti mjini. Sisi tulianza na arafa, ile ya herufi 160, na kila arafa ilikuwa na bei yake. Mkenya alijifunza kukata maneno kama mshona nguo anavyokata kitambaa haba. Asiyekuwa na fedha za arafa alimpigia mwenzake simu na kuikata kabla haijapokelewa, tukaita kuflashi, na maana ya mlio mmoja au miwili ilikuwa imekubaliwa mapema: nimefika, au nipigie, au niko langoni. Ukitaka kujua Mkenya alihitaji nini hasa katika ujumbe wa papo hapo, hapo ndipo penye jibu. Alihitaji ujumbe ufike, na alihitaji usimfilisi.

Ndiposa WhatsApp, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, ilipofika huku ilipokewa kama mvua baada ya kiangazi. Haikudai jina la siri wala nywila; nambari ya simu ilitosha. Kwa miaka kadhaa ilifanya kazi hata katika simu za Nokia zenye vitufe. Ujumbe uliotumwa kwa mtu aliyezima simu ulimsubiri mpaka aiwashe. Inajulikana pia kwamba Koum aliweka mezani pake karatasi iliyomkumbusha kwamba kwao hapatakuwa na matangazo ya biashara, wala michezo, wala mbwembwe. Facebook ilipoinunua Februari 2014 kwa takriban dola bilioni 19, programu hiyo ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na wafanyakazi 55 tu. Watu hao 55 walikuwa wameelewa jambo ambalo matajiri wa AIM na MSN hawakulielewa: kwanza ujumbe ufike. (Matangazo ya biashara, kwa taarifa yako msomaji, yalitangazwa Juni 2025 kuwa yataingizwa katika ukurasa wa Status. Karatasi ya mezani haikuweza kushindana na mizania.)

Baada ya mahitaji hayo ya msingi kutimizwa, ndipo ugomvi wa yule mtumaji na mpokeaji ulipoanza kwa dhati. Mnamo Novemba 2014 tiki mbili za WhatsApp zilianza kugeuka buluu pindi ujumbe unaposomwa. Hilo halikuwa geni kabisa, kwani BlackBerry Messenger ilikuwa ikionyesha herufi D ujumbe ukifika na R ukisomwa. Lakini WhatsApp ilikuwa mikononi mwa mamia ya mamilioni. Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa, na mwezi haukwisha kabla kampuni haijaanza kuleta njia ya kuzima tiki hizo. Njia yenyewe ilikuwa na hekima ndani yake: anayezizima zake, hazioni za wengine. Huwezi kuchungulia dirishani mwa jirani ilhali lako umelifunga. Hata hivyo palibaki mwanya mmoja, nao upo hadi leo. Katika makundi, tiki hazizimiki. Aliyetuma anaweza kufungua orodha akasoma majina ya wote waliousoma ujumbe wake, mmoja baada ya mwingine, pamoja na saa.

Mwanya huo niliwahi kuupitia. Miaka michache iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, mkuu wetu alituma ujumbe katika kundi la walimu yapata saa tatu na nusu usiku. Alitaka alama za mtihani wa katikati ya muhula ziwe mezani pake kabla ya gwaride la asubuhi. Mimi nilikuwa hospitalini, kando ya kitanda cha mama yangu. Simu ililia, nikaifungua nikidhani ni ndugu yangu anauliza hali ya mgonjwa, nikasoma, nikaifunga. Kesho yake katika mkutano wa walimu, mkuu aliinua simu yake juu kama wakili anavyoinua kielelezo mahakamani. "Mwalimu," akaniambia, "uliusoma ujumbe wangu saa tatu na dakika thelathini na nne, ukanyamaza." Niliomba radhi. Nilipotoka nje ndipo nilipojiuliza niliomba radhi kwa kosa gani. Zamani barua ya mkuu ilikupata ofisini, saa za kazi, ukaisaini. Usiku ulikuwa mali yako. Mimi nilikuwa nimejisaini gizani bila kujua, kwa kidole kimoja tu.

Sisemi kwamba tiki ni shari tupu. Mzazi aliyemtuma mtoto safari ya mbali anastahili kujua ujumbe wake umemfikia. Mweka hazina wa chama anayesoma maswali ya wanachama wiki nzima asijibu, tiki zake ni haki zitazamwe. Neno langu ni kwamba alama hiyo husema jambo moja tu: ujumbe umefunguliwa. Haisemi kwamba aliyeufungua yuko kazini, au yuko salama, au ana uwezo wa kujibu. Mengine yote tunayaongeza sisi, kwa hasira zetu na dhana zetu.

Ujumbe wa sauti nao, ulioingia WhatsApp Agosti 2013, ni kisa cha namna hiyo hiyo. Kwa anayetuma ni raha isiyo kifani. Anatembea huku akizungumza, hahangaiki na tahajia. Kwa anayepokea, dakika sita za sauti ni mzigo, maana hawezi kuzipitisha macho kama maandishi, wala hawezi kuzisikiliza akiwa mkutanoni. Wanafunzi wangu walilalamikia jambo hilo, na ni kwa sababu ya malalamiko ya watu kama wao kwamba mwaka 2021 paliongezwa njia ya kuharakisha sauti mara moja na nusu au mara mbili. Lakini hapa nawaomba vijana wanivumilie. Kuna mzazi mmoja katika darasa langu asiyejua kusoma, na kwa sababu ya kitufe hicho ameweza kunieleza kwa lugha yake mwenyewe matatizo ya mwanawe, mambo ambayo angeyaona haya kumtuma jirani amwandikie. Nyanya wengi wa nchi hii wameongea na wajukuu walioko Qatar na Marekani kwa njia hiyo. Pengine hicho ndicho kipengele kilichomfungulia mlango mtu aliyekuwa amefungiwa nje na programu zote zilizotangulia.

Makundi ndiyo yenye ugomvi mkubwa zaidi. Mkenya wa leo yumo katika kundi la ukoo, la kanisa au msikiti, la chama, la waliosoma pamoja, la mchango wa harusi, la mchango wa mazishi, na mwalimu huongeza la idara, la walimu wote na la wazazi wa darasa lake. Mwaka 2016 kundi moja la WhatsApp lilikuwa na ukomo wa watu 256. Kufikia mwisho wa 2022 ukomo ulikuwa 1,024. Kuingizwa humo hakukuhitaji ridhaa yako mpaka 2019, ulipoletwa uwezo wa kuchagua ni nani anayeweza kukuongeza. Kutoka ndiko kulikokuwa na aibu, kwa sababu kila aliyetoka jina lake lilitangazwa kwa wote, na katika nchi ya harambee, kutoka katika kundi la mchango kabla mwili haujazikwa ni kama kuinuka matangani kwa kishindo. Agosti 2022 kampuni ilitangaza kwamba anayetoka angetoka kimya kimya, wakijulishwa wasimamizi pekee. Wakati huo huo ililetwa njia ya kuwaficha wengine usitambulike kwamba uko mtandaoni. Msomaji utaona kwamba ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu makundi yaanzishwe kwa mpokeaji kupewa ruhusa ya kuondoka bila fedheha.

Yapo pia mambo ambayo hapana mtumiaji aliyeyaomba, lakini jamii iliyahitaji. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na makundi ya wenye hasira nchini India kwa sababu ya uvumi uliosambazwa kwa simu, WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo yanayoweza kusambaziwa ujumbe mmoja kwa mara moja hadi matano, kwanza India na baadaye, Januari 2019, duniani kote. Aprili 2020, janga la korona lilipozidisha uzushi, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi uliruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kwa kila mara. Sijasikia mtu akishangilia. Hata hivyo, anayekumbuka jinsi tulivyotumiwa tiba za ndimu na mvuke mwaka ule atakubali kwamba kumwekea mtumaji breki ni huduma kwa mpokeaji.

Kinyume chake kilionekana hapa kwetu. Telegram inaruhusu makundi ya hadi watu 200,000, na mtu anaweza kuificha nambari yake ya simu. Hayo ni mambo ambayo wanafunzi wangu waliyapenda sana ubaoni: kufikia wengi, na kutojulikana. Ndiyo hayo hayo yaliyowapendeza matapeli wanaouza karatasi za mtihani, za kweli au za uongo. Wakati wa mtihani wa KCSE wa Novemba 2024, Telegram ilitatizwa nchini kwa jina la kupambana na udanganyifu, na waliokuwa wakiitumia kwa biashara na masomo halali wakaumia pamoja na wezi. Sikubaliani na kuwafungia milioni mlango kwa sababu ya mia. Lakini nawaambia wanafunzi waziwazi: mtu anayekutaka umtumie fedha za karatasi ya Kemia huku ameficha uso na nambari, amechagua programu inayompa yeye uwezo wa kuona bila kuonekana. Wewe ndiwe unayeonekana.

Sasa nifike kwa yule mtu wa tatu niliyemtaja. Naye nitamweleza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki kumlaumu mkuu wa zamani na kujiacha.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, mafuriko yakiwa yameharibu barabara na madarasa katika sehemu nyingi za nchi, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba kufunguliwa kwa muhula wa pili kumeahirishwa hadi Mei 6. Shule zilikuwa zifunguliwe siku hiyo hiyo. Niliamka alfajiri nikaikuta taarifa, nikaituma mara moja katika kundi la wazazi wa darasa langu. Kisha nikafanya lile ambalo mkuu wangu alikuwa amenifanyia. Nilifungua orodha ya waliosoma nikawa natazama majina yakiongezeka. Kufikia saa moja asubuhi karibu wote walikuwa wamesoma. Nilijihisi mtu mwenye bidii, nikajipikia chai.

Saa nne mlinzi wa lango alinipigia. Nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya sanduku la bati, mwanawe amesimama kando yake na godoro lililofungwa kwa karatasi ya plastiki, wote wawili wamelowa. Walikuwa wametoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kupanda matatu mbili, na nauli ya pili ilikuwa ya kukopa.

"Mwalimu, mbona hamkutuambia?" akaniuliza.

"Tulituma kwenye kundi, mama."

"Kundi gani? Mimi sina kundi, mwalimu. Mimi nina simu." Akaitoa mfukoni, mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira. "Na nambari yangu mnayo. Huwa mnanipigia karo ikichelewa."

Sikuwa na jibu, na sina hadi sasa. Tiki zangu zote za buluu zilikuwa zimenionyesha waliosoma. Hazikuweza kunionyesha asiyekuwemo. Ndilo tatizo la kuona kwa kutumia chombo: unakiona kile ambacho chombo kimetengenezwa kukuonyesha, ukadhani hapana kingine. Wakati sisi tunabishana kuhusu nani amesoma na nani amejificha, yupo mtu ambaye hajafikiwa, na ombi lake ndilo lile lile la enzi ya kuflashi: ujumbe ufike, na usimfilisi.

Kwa hivyo, nikiulizwa leo ni jambo gani linalofaa kuombwa kwanza katika programu ya ujumbe, nitasema haliko ndani ya programu. Liko katika kanuni tunazojiwekea sisi wenyewe, na shule ndiyo mahali pa kuanzia. Napendekeza matatu.

La kwanza, taarifa yoyote ya lazima, kama vile tarehe ya kufungua shule, ugonjwa wa mtoto au mabadiliko ya mtihani, imfikie kwanza mwenye simu duni, kwa arafa au kwa kupigiwa. Kundi la WhatsApp na liwe nyongeza. Kila mwalimu wa darasa awe na orodha fupi ya wazazi wasiokuwemo kundini, iliyoandikwa kwa mkono kama hapana budi, na aanze na hao.

La pili, shule ikubaliane kuhusu saa. Ujumbe wa kazi unaotumwa baada ya jua kutua uhesabiwe kuwa umepokelewa asubuhi, na tiki isiwe ushahidi katika kikao chochote cha nidhamu. Si wazo la uvivu. Ufaransa ina sheria tangu Januari 1, 2017 inayoyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa nje ya saa za kazi, na Australia ilifuata Agosti 2024. Hapa kwetu Seneta Samson Cherargei wa Nandi aliwasilisha mswada wenye lengo hilo mwaka 2022, nao ukazua mjadala miongoni mwa waajiri. Shule haihitaji kungoja Bunge. Mkuu anayekumbuka jambo saa nne za usiku anaweza kuliandika na kulihifadhi. Telegram, kwa mfano, ina uwezo tangu 2019 wa kuandika ujumbe sasa na kuupangia saa ya kuondoka. Huo ndio mfano wa kipengele kilichobuniwa kwa kumfikiria anayepokea.

La tatu, makundi ya wazazi yawe ya matangazo, ambapo msimamizi peke yake ndiye anayeandika, jambo ambalo WhatsApp imeliwezesha tangu 2018. Salamu za asubuhi, picha za maua na mijadala ya siasa zina makundi yake. Mzazi akiona ujumbe wa shule, ajue una uzito, naye hatauzimia sauti.

Kwa wanafunzi nina neno moja tu, na halihusu mtihani. Kabla hujamwandikia rafiki kumuuliza kwa nini amesoma na hajajibu, kumbuka ni mara ngapi wiki hii wewe umesoma ukanyamaza, na ulikuwa na sababu gani. Mpe mwenzako sababu ile ile uliyojipa wewe.

Nilizisahihisha insha zile kwa siku tatu. Nyingi zilikuwa na ndoto za ajabu, programu zinazotafsiri kikohozi na zinazofichua waongo. Moja ilikuwa ya yule msichana aliyetaka kusoma ujumbe bila kutambuliwa. Katika aya yake ya mwisho alikuwa amebadilisha nia, akaandika kwamba programu yake ingemuuliza kila anayetuma ujumbe usiku kama jambo lenyewe haliwezi kungoja asubuhi. Alikuwa amekosea upatanisho wa kisarufi katika sentensi mbili. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini.

Na yule mama wa mulika mwizi, nambari yake sasa ndiyo ya kwanza katika orodha yangu. Nikituma arafa sitazami tiki wala buluu. Hunipigia, hukata kabla sijapokea, nami hujua kwamba habari imefika.